Vidonge vya magoti na upele wa mwili mzima: uchambuzi wa kisa kutoka Pemba

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja aliyetibiwa kisiwani Pemba kwa mzio mkali wa dawa. Jina, shehia, vituo alivyopitia na tarehe halisi vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamegeuzwa ili asitambulike. Siku zote zimehesabiwa kuanzia alipomeza kidonge cha kwanza cha alopurinoli, dawa ya jongo, yaani hiyo ndiyo siku ya 1. Wakati ule hakuna aliyekuwa akihesabu hivyo, na kuchelewa kote kulitokana na hapo.

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kilo 60, mwenye presha kwa zaidi ya miaka minane. Dawa yake ya presha ilikuwa haidroklorothiazaidi 25 mg kila asubuhi, peke yake, na hakuwahi kubadilishiwa. Hakuwa na sukari. Magoti yalimsumbua kwa muda mrefu: yakikaza kidogo asubuhi, yakiuma zaidi anapopanda ngazi na anapoinuka kutoka kwenye sijda. Hakuwahi kuamshwa usiku na kidole gumba cha mguu kilichovimba na kuwaka, wala goti kujaa ghafla kwa usiku mmoja.

Alipolalamikia magoti alipimwa asidi ya yuriki, ikawa 8.1 mg/dL (mikromoli 482 kwa lita). Akaambiwa ana jongo, aache pweza na dagaa, akaandikiwa alopurinoli 300 mg mara moja kwa siku na diklofenaki ya kumeza akiumwa sana. Kreatinini, kipimo cha figo, haikupimwa siku hiyo. Katika daftari lake la kliniki, kurasa chache nyuma, kulikuwa na kreatinini ya mwaka uliotangulia: mikromoli 132 kwa lita. Kwa mwanamke wa umri wake, maana yake figo zinachuja kama mililita 41 kwa dakika, chini ya nusu ya figo nzima. Hakuna aliyefunua kurasa hizo.

Mtiririko wa matukio

Wiki mbili za mwanzo zilipita salama. Siku ya 15 kulikuwa na harusi katika familia, akapakwa piko mgongo wa mikono na miguuni.

Siku ya 17 alianza kuchoka, koo likamkereketa, usiku akapata homa. Siku ya 19 vipele vikatoka kifuani na mgongoni, vikaenea mikononi. Siku ya 20 alikwenda kituo cha afya. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Alipoulizwa anatumia dawa gani alijibu, "Za presha tu, mwanangu." Akapewa amoksilini, parasetamoli na piritoni.

Siku ya 23 aliamka uso umevimba, macho yamebaki nyufa. Alipelekwa sehemu nyingine. Huko waliona piko mikononi, wakasikia habari ya harusi, wakahitimisha kuwa ni mzio wa piko. Akapewa krimu ya haidrokotizoni, akachomwa sindano ya diklofenaki kwa maumivu ya mwili, akaambiwa aendelee na dawa zake za kila siku. Akaendelea nazo zote, na alopurinoli ikiwemo.

Nyumbani familia nayo haikukaa bure. Alinyweshwa kombe, akaogeshwa maji ya mwarobaini, akapakwa mafuta ya habasoda. Siku ya 27 mkojo ulipungua, macho yakaanza kuingia manjano, na wifi yake akampeleka hospitali.

Ngozi ilivyoonekana

Tunakaa zaidi hapa kwa sababu maelezo mengi ya ugonjwa huu yameandikwa kwa ngozi nyeupe, ambako upele ni "mwekundu". Kwa mgonjwa huyu wekundu haukuwepo. Kifua, mgongo, mapaja na mikono vilikuwa na rangi ya zambarau iliyokoza, na kwa mbali ilionekana kama ngozi imeiva jua. Kilichosema kweli ni mkono: ukipitisha vidole polepole, ngozi ilikuwa ya moto na yenye vijinundu vidogo vilivyosongamana, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mahali pa kuona rangi vizuri ni ndani ya mkono wa juu, tumboni na viganjani, na iwe kwa mwanga wa dirisha. Taa ya wodi huficha mengi.

Eneo lililoathirika lilipimwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, ambacho ni karibu asilimia 1 ya mwili. Jumla ilifika kama asilimia 70. Kwenye miundi kulikuwa na madoa meusi ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa.

Uso ulivimba kuanzia kwenye paji, kope na mashavu, na masikio yalikuwa yamejaa hadi vipuli vikazama ndani ya ndewe na kushindikana kutolewa. Masikio ni mahali pa kuangaliwa kila mara. Uso ukivimba kwa sababu ya figo, masikio hayajai namna hiyo. Kulikuwa na tezi zilizovimba shingoni, kwapani, na mitoki kwenye kinena, zote zikizidi sentimita 1.

Vilevile ni muhimu kile ambacho hakikuwepo. Midomo ilikuwa mikavu na imepasuka, lakini mdomoni hakukuwa na vidonda, wala machoni, wala sehemu za siri. Ngozi ilisuguliwa kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani pembeni ya upele: haikuchubuka. Haikuwa na malengelenge, na mgonjwa alilalamikia kuwashwa na kuwaka, si ngozi kuuma ikiguswa. Mambo hayo ndiyo yaliyotenga kisa hiki na ule mzio unaobabua ngozi na kuvunja midomo, ambao huenda mbio zaidi na hutaka kuhudumiwa kama mtu aliyeungua moto.

Na piko? Michoro mgongoni mwa mikono ilikuwa safi, mistari imenyooka, bila kidutu hata kimoja juu yake. Piko ya kuchorea huwa na kemikali ya kutilia rangi nywele, na ikimdhuru mtu huumia palepale ilipopita: mstari wa mchoro huvimba, huwasha, hutoa malengelenge, na hata ukipona huacha alama ya ua lilelile. Mzio wa piko unaoacha michoro salama ukaenda kuvimbisha mitoki ya kinena ni jambo la kutiliwa shaka.

Mfuko wa dawa

Muuguzi wa zamu alimwomba wifi arudi nyumbani alete kila kitu mgonjwa anachomeza, anachokunywa, anachojipaka na anachooga, bila kubagua cha hospitali na cha mganga. Ulirudi mfuko wa plastiki. Ndani yake, pamoja na vidonge vya presha, chupa ya habasoda na tyubu ya krimu, kulikuwa na bahasha ndogo ya karatasi imeandikwa kwa kalamu: "1x1 magoti". Hakuna jina la dawa, hakuna nguvu yake, hakuna tarehe. Vidonge vyeupe vya mviringo vilibaki vichache.

Mgonjwa hakuwa amedanganya mtu. Kwake "dawa" ni za presha, anazokwenda kuzichukua kliniki kila mwezi. Hivi vingine ni vya magoti. Simu ilipigwa duka la dawa alikonunua, na muuzaji akafungua daftari lake: alopurinoli 300 mg, vidonge 30.

Hapo ikachorwa karatasi yenye safu nne: jina la dawa, siku ilipoanza, siku ilipoachwa, na siku ngapi zilipita kabla ya homa ya kwanza. Haidroklorothiazaidi: zaidi ya miaka minane. Diklofenaki: alishaitumia mara nyingi miaka ya nyuma bila tatizo. Amoksilini, piritoni, habasoda, kombe na mwarobaini: vyote vilianza baada ya upele, haviwezi kuwa chanzo chake. Piko: siku 2 kabla ya homa. Alopurinoli: siku 16.

Mzio wa aina hii, ambao madaktari huuita DRESS, huanza kati ya wiki 2 na wiki 8 baada ya kuanza dawa. Dawa iliyoanzwa jana mara nyingi haina hatia. Ya wiki tatu zilizopita ndiyo ya kushikwa kwanza, nayo ndiyo mgonjwa hukosa kuitaja kwa kuwa ameshaizoea. Dawa zinazojulikana kuuleta ni chache: alopurinoli, za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitali, za salfa, nevirapini, dapsoni, vankomaisini, na baadhi ya za kifua kikuu. Orodha hiyo inaenea kwenye kipande cha karatasi cha kubandika ukutani.

Vipimo

Joto 39.1. Presha 108/64, ndogo kwa mtu wa presha. Chembe nyeupe elfu 17.2, na kati yake eosinofili, chembe zinazopanda kwa mzio na kwa minyoo, asilimia 22, yaani karibu 3,800 kwa kila mikrolita. ALT, kipimo cha ini, 412, mara kumi ya kikomo cha kawaida. Bilirubini mikromoli 46. Kreatinini 214. Potasiamu 5.4. Malaria kwa hadubini hasi, VVU hasi, homa ya ini B na C hasi, kaswende hasi. Damu ilioteshwa, na baadaye ikatoka safi.

Majibu ya maabara yalipofika wodini wazo la kwanza lilikuwa minyoo, na albendazoli ilishaandikwa. Ni wazo la haki Pemba, kisiwa kilichopambana na minyoo na kichocho kwa miongo. Lakini minyoo ya kawaida haivimbishi masikio wala haipandishi ALT hadi 412. Kichocho kichanga kinaweza kuleta homa na eosinofili nyingi, ila hicho humpata zaidi mgeni aliyeingia maji machafu kwa mara ya kwanza, si mtu aliyezaliwa na kukulia hapa.

Ukitumia RegiSCAR, mizani ya alama ya kupima uhakika wa DRESS, ambayo ni ya kuhesabu kwa mkono, mgonjwa alipata hivi: tezi katika sehemu zaidi ya moja 1, eosinofili zaidi ya 1,500 alama 2, upele uliozidi nusu ya mwili 1, sura ya upele 1, viungo viwili vya ndani kuguswa (ini na figo) 2. Jumla 7, na damu iliyooteshwa ilipotoka safi ikafika 8. Zaidi ya 5 ni DRESS bila shaka. Kipande cha ngozi hakikukatwa kwa sababu hakukuwa na pa kukisoma kwa haraka, na kwa alama hizo kisingebadilisha uamuzi.

Picha nne zilitumwa kwa daktari wa ngozi Unguja kwa ridhaa ya mgonjwa: uso kwa mbele, sikio, kifua na mikono yenye piko. Zilipigwa mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu, na rula pembeni ya upele. Jibu lilikuja siku hiyohiyo.

Maamuzi na sababu zake

Alopurinoli ilisimamishwa saa ileile, kabla ya jibu la Unguja. Kusubiri uthibitisho hakuna faida, kwani dawa hii ikiachwa hakuna kinachoharibika ndani ya wiki moja, na kila siku inayoendelea inaongeza hatari. Mwilini alopurinoli hugeuka kuwa oksipurinoli, ambayo hutolewa na figo. Kwa figo nzima nusu yake huondoka kwa kama siku moja. Kwa figo za mgonjwa huyu inakaa zaidi, kwa hiyo familia iliambiwa mapema kwamba upele unaweza kuendelea kukua siku kadhaa baada ya dawa kuachwa, wasidhani tiba imeshindwa.

Haidroklorothiazaidi na diklofenaki nazo ziliachwa: ya kwanza kwa presha iliyoshuka na figo zilizochoka, ya pili kwa figo pekee. Amoksilini ikaachwa pia. Uamuzi huu ulizua ubishi wodini, maana homa ya 39 bila antibayotiki inatisha. Lakini mwili ulio katikati ya DRESS uko tayari kuikataa hata dawa mpya isiyohusika, na kila dawa inayoongezwa huvuruga hesabu. Hakukuwa na dalili ya usaha, kifua kilikuwa safi. Parasetamoli iliwekewa kikomo cha gramu 2 kwa siku kwa ajili ya ini, na homa ikashushwa kwa kukandwa maji ya uvuguvugu.

Prednisoloni haipewi kila mwenye DRESS. Upele peke yake, viungo vya ndani vikiwa salama, unaweza kutibiwa kwa krimu kali ya steroidi na kufuatiliwa. Hapa ini na figo vilikuwa vimeguswa, kwa hiyo siku ya 28 ilianzwa 1 mg kwa kilo: 60 mg kila asubuhi baada ya kula. Vidonge vilivyokuwepo ni vya 5 mg, kwa hiyo ni vidonge 12 kwa mkupuo. Namba hiyo itarudi.

Kabla ya kidonge cha kwanza aliulizwa juu ya kikohozi, kupungua uzito na jasho la usiku, akapigwa picha ya kifua. Kisha akapewa ivamektini 12 mg, yaani vidonge vinne vya 3 mg, siku mbili mfululizo. Sababu ni mnyoo aitwaye strongiloidi, unaoingia kwa nyayo na unaoweza kukaa mwilini miongo bila dalili. Steroidi ikizima kinga, mnyoo huo huzaana na kusambaa hadi mapafuni na kuua. Kipimo cha choo cha kawaida huukosa mara nyingi. Visiwani ivamektini inajulikana tangu kampeni za matende zilizoanza 2001, ni rahisi, na katika mazingira haya ni bora kuitoa kuliko kusubiri kipimo.

Ngozi ilipakwa betamethasoni mara mbili kwa siku mwilini, haidrokotizoni usoni, na juu yake mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu mara nne kwa siku. Habasoda ilisimamishwa kwa muda, kwa maelezo kwamba ngozi yenye upele hukereka hata kwa kitu kizuri. Hakuna aliyemkataza kombe. Alilazwa juu ya kanga kuukuu, laini, iliyofuliwa bila sabuni ya manukato.

Swali la kumvusha Unguja lilijadiliwa mara mbili. Alibaki kwa masharti yaliyoandikwa kwenye faili: apelekwe mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, akichanganyikiwa, damu ikikawia kuganda, kreatinini ikipanda siku mbili mfululizo, au vidonda vikitokea mdomoni. Kuandika masharti mapema kulisaidia, kwani zamu ya usiku haikulazimika kubuni.

Yaliyofuata

Ndani ya saa 48 homa ilikata. Uvimbe wa uso ulianza kuisha siku ya nne ya dawa. Kreatinini ilishuka hadi 168 na ALT hadi 190 mwishoni mwa wiki ya kwanza. Ngozi ilianza kupukutika magamba, kwanza usoni. Sukari, kama ilivyotarajiwa kwa dozi hiyo, ilipanda hadi 14.6 mchana, akapewa insulini ya kati vipimo 10 asubuhi. Metiformini haikufaa kwa figo zile.

Siku ya 36 aliruhusiwa, akiwa na mpango wa 60 mg hadi siku ya 41 kisha kupunguza kila wiki. Alipewa vidonge 60, na vilivyobaki akaambiwa atanunua. Vidonge 60 kwa vidonge 12 kwa siku ni siku tano kamili.

Siku ya 43 alirudi. Homa 38.3, upele mpya kifuani, eosinofili asilimia 14, ALT imerudi 260. Bahasha ilimwagwa juu ya kitanda na vidonge vikahesabiwa: 32. Alikuwa akimeza vinne kwa siku ili vimtoshe, kwa kuwa duka la karibu havikuwepo na vidonge kumi na viwili kwa mara moja vilimtia hofu. Kwa hesabu hiyo alishuka kutoka 60 mg hadi 20 mg kwa siku moja.

Ilianzwa tena 40 mg kwa wiki mbili, kisha kupungua 5 mg kila wiki hadi kuisha: wiki tisa kwa jumla. Safari hii hesabu ilifanywa kabla ya kuondoka, vidonge 308, vikapatikana vyote kutoka sehemu moja na kufungwa kwenye bahasha tisa, kila moja na jina la dawa, nguvu yake, tarehe za kuanza na kumaliza, na idadi ya kila asubuhi. Binti yake alisimamia. Hakukuwa na kurudi tena.

Wiki za mwisho ziliangukia Ramadhani, na mgonjwa alitaka kufunga. Insulini ilishaachwa, lakini figo zilikuwa bado zinarudi na kiu ya mchana kutwa ingezirudisha nyuma. Alishauriwa asifunge mwezi huo, na imamu wa mtaani alimwambia vilevile, atalipa akipona. Kwa wagonjwa wenye figo na ini salama walio kwenye dozi ndogo, kidonge cha asubuhi huweza kuhamishiwa daku.

Mwezi wa tatu: ALT 31, kreatinini 138, eosinofili asilimia 3, kipimo cha tezi ya shingo (thairoidi, si zile tezi zilizovimba) cha kawaida. Kipimo hiki cha mwisho si cha kurukwa, kwani tezi ya shingo inaweza kuharibika miezi kadhaa baada ya DRESS wakati mgonjwa na daktari wote wameshasahau, na aliandikiwa kukirudia mwezi wa sita. Presha ilidhibitiwa kwa amlodipini 5 mg. Asidi ya yuriki, bila dawa yoyote ya kuishusha, ilikuwa 6.5 mg/dL. Picha ya magoti ilionyesha kulika kwa gegedu, na mazoezi ya kuimarisha mapaja yakamsaidia kuliko vidonge vyote.

Mabaka meusi yalibaki kifuani na shingoni. Hufifia yenyewe kwa miezi. Alishanunua mkorogo kuyaondoa, na ilibidi aelezwe kwa utulivu kwamba mkorogo mwingi una steroidi kali au zebaki, na figo zake haziwezi kubeba zebaki.

Uchambuzi

Kosa la asili halikuwa la ngozi. Asidi ya yuriki iliyopanda kwa mtu asiyewahi kupata shambulio la jongo haihitaji alopurinoli. Na hapa sababu ya kupanda ilikuwa mkononi: haidroklorothiazaidi huizuia asidi hiyo kutoka, na figo dhaifu huongeza. Kubadilisha dawa ya presha ndiyo ilikuwa tiba. Dawa hiyohiyo ya presha, ikitumiwa pamoja na alopurinoli kwa figo dhaifu, inaongeza hatari ya mzio. Yaani mgonjwa alibeba sababu tatu za hatari kwenye daftari moja.

La pili ni dozi. Kanuni nzuri ya kuanzia ni kutozidisha miligramu 1.5 kwa kila mililita ya uchujaji wa figo. Kwa 41 inapata kama 61, kwa vitendo 50 mg, yaani nusu ya kidonge cha 100. Alianzishwa karibu mara tano ya hapo. Alopurinoli si dawa mbaya. Kwa mwenye jongo la kweli ndiyo chaguo la kwanza, ikianzwa chini na kupandishwa kila baada ya wiki chache kwa kufuata kipimo, na mgonjwa akiambiwa kwa maneno haya: ukipata upele au homa katika miezi mitatu ya mwanzo, acha siku hiyohiyo, uje.

Siku ya 20 ilikuwa nafasi nzuri zaidi iliyopotea, ingawa ni vigumu kumlaumu aliyekuwa zamu, maana mgonjwa alijibu alivyoulizwa. Swali ndilo lililokuwa fupi. "Unatumia dawa gani?" huleta jibu la dawa za kliniki. "Katika miezi miwili iliyopita umeanza kitu chochote kipya, cha kumeza, kunywa, kupaka au kuchomwa, hata cha magoti au cha usingizi?" huchukua sekunde kumi zaidi. Homa, upele mpya na dawa ya kati ya wiki 2 na 8 vikikutana, kituo kisicho na maabara kinatosha kufanya mawili: kusimamisha dawa na kumpeleka mbele.

Siku ya 23 piko ilitoa jibu jepesi. Hatari ya jibu la aina hiyo ni kwamba lina ukweli ndani yake, kwa kuwa piko kweli huumiza watu wengi wakati wa harusi. Kuigeuza mikono na kuangalia michoro kungetosha. Maneno "endelea na dawa zako" yaligharimu siku nne zaidi za alopurinoli, na sindano ya diklofenaki ikaongeza mzigo wa figo.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko yote ni mfuko wa dawa na ile karatasi ya safu nne. Ivamektini kabla ya steroidi, kuzuia antibayotiki, na masharti ya rufaa yaliyoandikwa mapema yanafuata. Kuruhusiwa na vidonge vya siku tano kwenye mpango wa wiki nyingi lilikuwa kosa la hospitali, si la mgonjwa. Mtu asiye na dawa ya kutosha ataigawa, na steroidi haigawiki.

Taarifa ya madhara ya dawa ilijazwa na kupelekwa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Nafasi ya namba ya toleo la dawa iliachwa tupu, kwa sababu bahasha ya "1x1 magoti" haikuwa nayo. Kwenye jalada la daftari la kliniki kuliandikwa kwa wino mwekundu: asipewe alopurinoli maisha, wala Zyloric, ambayo ni dawa hiyohiyo kwa jina la kiwandani.

Ndugu wa damu waliitwa, kwa kuwa hatari ya mzio huu inahusiana na kijeni cha kurithi, HLA-B*58:01. Waliambiwa wasianze alopurinoli bila kutaja kisa cha dada yao. Mmoja wao, kaka mwenye jongo la kweli, alikuwa ameshaitumia zaidi ya miaka mitatu na alikuja akiwa na wasiwasi wa kuiacha. Hakuachishwa. Mzio huu karibu wote hutokea katika miezi ya mwanzo, na aliyevuka miaka mitatu salama ana hatari zaidi kwa jongo kurudi kuliko kwa dawa. Alipimwa kreatinini, ambayo naye hakuwahi kupimwa, ikawa ya kawaida, akaendelea na dozi yake.